Mwaka wa Mashindano Matano

Mimi si mtu wa mzaha, na nalisema hili mwanzoni ili asije mtu akanilaumu mbele ya safari. Nimefundisha jiografia hapa Mbeya miaka ishirini na miwili, na wanafunzi wangu wanajua kwamba Mwalimu Regina Gama akicheka, kuna mtu amefeli vibaya sana. Sikuolewa, na sababu zake ninazo mwenyewe. Niliyekuwa naye ni mdogo wangu Crispin. Mama alipofariki kule Songea nilimchukua akiwa na miaka kumi, nikaja naye huku na sanduku letu moja la bati.

Huyo Crispin alikuwa mchezaji wa tenisi. Ndiyo, tenisi. Wazungu walipoondoka waliacha klabu yenye kiwanja cha changarawe, wavu uliochakaa na kabati la raketi, na Crispin akawa ndiye mtunza kiwanja, ndiye mwalimu wa mchezo, na ndiye bingwa wa Nyanda za Juu Kusini. Mwaka huo wa sabini na sita alikuwa na miaka thelathini na miwili na bega la kulia lililoanza kumsaliti. Alitaka kitu kimoja tu duniani: kuvaa fulana ya taifa. Chama cha tenisi kilikuwa kimetangaza kupeleka wachezaji wanne Lusaka mwisho wa mwaka, na kila mtu alijua kwamba kwa Crispin hii ndiyo nafasi, hakuna nyingine. Mwaka unaofuata bega lile lingekuwa la kubebea maji tu.

Sasa, tatizo la mdogo wangu ni kwamba hajui kukataa. Mwaka uliotangulia alicheza mashindano kumi na moja. Kila barua ya mwaliko ikija, yeye ndiyo. Katibu wa Mufindi amenialika, dada, nitamwambiaje siji? Wale wa Tabora wamelipa nauli. Wale wa Mwanza waliniletea samaki. Akazunguka nchi nzima kama posta, akarudi Desemba hawezi hata kuchana nywele, na kwenye orodha ya chama akawa wa tisa. Nilimkanda kwa maji ya moto wiki tatu, na siku ya mwisho nikamwambia, "Kuanzia leo, mwaka wako ninaupanga mimi."

"Wewe unajua nini habari za tenisi, dada?"

"Tenisi sijui. Kalenda naijua."

Na kweli niliisoma. Mzungu mmoja wa mambo ya kahawa alikuwa ameacha pale klabuni rundo la magazeti ya michezo, na humo nikajifunza jinsi wachezaji wa kulipwa wa huko nje wanavyoishi. Hawa hawachezi kila wanapoitwa. Wanaanza na shindano kubwa wanalolitaka, wanaliweka mwishoni, kisha wanahesabu wiki kurudi nyuma: wiki hii mazoezi, hii safari, hii kupumzika, hii shindano dogo la kupasha moto. Wanaangalia kiwanja ni cha nini, cha nyasi au cha udongo. Wanaangalia joto. Na zaidi ya yote wanaangalia pointi, kwa sababu pointi zao zinagawanywa kwa idadi ya mashindano waliyocheza, kwa hiyo anayecheza ovyo anajishusha mwenyewe.

Chama chetu nacho kilikuwa kimeiga hesabu hiyohiyo mwaka ule. Jumla ya pointi gawa kwa mashindano, mradi mashindano yasipungue matano. Chini ya matano, hata uwe umewafunga malaika, jina lako haliandikwi kwenye orodha ya mwisho. Niliposoma waraka wa chama nilicheka peke yangu sebuleni, maana hii ilikuwa hesabu ya darasa la tano, na wachezaji wote wa Tanzania walikuwa hawajaielewa.

Nikachukua ramani ya zamani ya Afrika, ile iliyokuwa bado imeandikwa Tanganyika, nikaigeuza nyuma, nikachora miezi kumi na miwili. Penseli nyekundu kucheza, buluu kupumzika, nyeusi kukataa. Desemba mpaka Aprili Mbeya ni tope, kiwanja kinaota vyura, kwa hiyo miezi ile niliipa ukuta wa ghala la mahindi. Crispin akaugonga ukuta ule kila asubuhi mpaka mlinzi akalalamika. Nikachagua Moshi, Tanga, Arusha, Mufindi, Morogoro, na mwisho wa Septemba, Dar es Salaam. Sita. Matano yanayohitajika, na moja la akiba. Niliwaza mvua, niliwaza malaria, niliwaza basi kuharibika Mikumi. Niliwaza hata hewa yetu, jinsi mpira unavyoruka huku juu na unavyokufa kule pwani kwenye joto, nikampangia Dar afike siku tatu kabla ya mechi ya kwanza. Nilijiona mtu wa maana sana, sitaficha.

Mashindano mengine yote nikayapaka nyeusi. Iringa likiwemo.

"Iringa hapana, dada," Crispin alisema, akaweka kidole palepale. "Iringa ni kwa Liberatus."

Liberatus Kalinga alikuwa fundi baiskeli wa Mlandege, pale Iringa mjini, na ndiye aliyekuwa akifunga nyuzi za raketi za watu wote kuanzia Mbeya mpaka Mufindi. Vilevile alikuwa mchezaji. Kwa miaka kumi yeye na Crispin walikutana fainali baada ya fainali, na kwa miaka kumi Crispin alimfunga, na kila akifungwa alimchukua Crispin nyumbani kwake, mkewe Lusia akawapikia, wakala sahani moja. Zaidi ya hapo alikuwa mtani wetu. Sisi ni Wangoni, yeye ni Mhehe. Mababu walipigana mpaka wakachoka, na sisi wajukuu tumeachiwa ruhusa ya kutukanana bila kukasirika, pamoja na wajibu wa kuzikana. Crispin alikuwa hodari kwa utani. Mimi, kama nilivyosema, siuwezi.

"Bingwa wa Dar anapata pointi arobaini," nilimwambia. "Bingwa wa Iringa anapata kumi na mbili. Ukienda Iringa ukashinda, unashuka. Unanielewa? Unashinda, halafu unashuka."

"Naelewa. Lakini ni mtani."

"Mtani atangoja mwakani."

Akaondoa kidole, akachukua raketi, akatoka kwenda ukutani. Crispin akikuondokea hivyo ni vibaya kuliko akikupigia kelele, lakini mimi nilishamzoea.

Mwaka ukaenda kama nilivyouchora. Alishinda Tanga. Moshi na Arusha alifika fainali, Mufindi akachukua kikombe cha bati kikubwa kama sufuria. Bega lilikuwa limepumzika na lilionekana. Julai malaria ikamwangusha siku mbili kabla ya Morogoro, nikamfunika blanketi, nikafuta Morogoro bila hata kupandisha presha. Ndiyo kazi ya akiba. Tulikuwa na mashindano manne, pointi mia na tatu, wastani karibu ishirini na sita, na orodha ya muda ya chama ilimweka wa tatu. Ilibaki Dar kukamilisha matano.

Mwanzoni mwa Agosti ikaja barua kutoka Mlandege, na ilikuwa imeandikwa kwangu, si kwa Crispin. "Dada mkubwa wa Wangoni," alianza Liberatus, "mwachie huyo mtumwa wako wiki moja tu aje Iringa. Babu zangu waliwakimbiza babu zenu mpaka Songea, na mimi nataka kumkimbiza huyu mpaka Mbeya kabla sijaacha kucheza. Kikohozi kimenishika kidogo tangu Mei lakini mkono upo. Mwambie nimemwekea nyuzi mpya."

Crispin aliisoma akiwa amesimama mlangoni. "Dada, tuna wiki mbili za buluu hapo katikati. Niende."

"Hizo ni za bega."

"Siendi kucheza kwa nguvu. Naenda kucheza na Liberatus."

"Na wastani? Hata ukichukua kikombe, unaporomoka mpaka ishirini na tatu. Halafu ukiteleza Dar, kwaheri Lusaka. Crispin, mimi sikukaa mwaka mzima na penseli hizi ili ukatupe kila kitu kwa ajili ya sahani ya ugali wa Lusia."

Nilikaa nikaijibu barua mwenyewe. Kwa mara ya kwanza maishani nikajaribu utani kwa maandishi. Nikaandika kwamba kikohozi hicho ni mfupa wa mbwa umemkwama, maana sisi Wangoni tunajua Wahehe wanakula nini, na autoe kwanza ndipo aombe mechi. Crispin hana nafasi mwaka huu. Nikatia sahihi. Nilijiona nimetania vizuri kabisa. Kuuliza kikohozi cha miezi mitatu ni kikohozi gani, hilo halikunijia kichwani.

Mwisho wa Septemba tukapanda basi la Dar, Jumanne alfajiri, mimi na Crispin. Kuripoti ilikuwa Jumatano saa sita mchana, na chama kilisisitiza mtu aripoti mwenyewe kwa miguu yake; simu hapana, telegramu hapana, kwa sababu miaka ya nyuma watu walikuwa wakituma majina na wasionekane. Saa sita kamili wanapanga nani atacheza na nani, na aliyekosekana anafutwa. Yote haya nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi ndani ya mkoba wangu.

Basi la Dar haliingii Iringa mjini. Linapita chini, Ipogolo, linasimama watu wanywe chai, kisha linaendelea. Tuliposimama niliona dirishani mtu anakimbia kandokando ya basi akichungulia ndani. Alikuwa Saulo, aliyekuwa akifanya kazi pamoja na Liberatus kwenye kibanda cha baiskeli. Ratiba yetu aliijua, maana Crispin alikuwa amemnakilia Liberatus mwaka wote, wiki kwa wiki, na Liberatus aliibandika ukutani pale kibandani.

"Mwalimu," Saulo alisema, akishika ukingo wa dirisha. "Liberatus ametutoka. Jana jioni. Ni kifua. Tunazika kesho saa nane."

Crispin alisimama palepale, akagonga kichwa kwenye reli ya mizigo, wala hakujishika.

"Alilala tangu lini?" niliuliza.

"Tangu Julai hakuwa mtu wa kusimama sana. Alitukataza tusiandike. Alisema ana mechi mwezi wa nane." Saulo alimtazama Crispin, kisha mimi. "Na Wangoni waliomjua ni nyinyi tu. Wazee wanauliza, nani atasimama kama mtani?"

Crispin alishaanza kuvuta begi lake. Nikamshika mkono, nikamkalisha kwa nguvu zote nilizonazo, na nilizo nazo si haba.

"Kaa chini."

"Dada, niache."

"Kaa chini, Crispin! Mngoni si wewe peke yako. Mimi naitwa nani? Gama. Nitashuka mimi, nitasimama mimi, nitamzika mimi. Wewe nenda Dar karipoti. Ukishuka hapa una mashindano manne, na manne si kitu, unakuwa hukucheza mwaka mzima. Unataka nini, ukamlilie huku huna hata fulana?"

Kondakta alikuwa anagonga bati. Crispin alinitazama kama alivyonitazama siku ya mama, akiwa mdogo, akisubiri nimwambie afanye nini. Nikamwambia. Nikampa karatasi ya mkobani, nikashuka, na basi likaondoka naye.

Ya msibani siku ile sina mengi ya kusema. Lusia alinipokea vizuri, vizuri kupita nilivyostahili. Alinikalisha kwenye mkeka pamoja na wanawake wa nyumba, akanimegea ugali kwa mkono wake, na hakuniuliza kwa nini hatukuja Agosti. Angeniuliza ningepumua. Nililala na hesabu kichwani: sasa amefika Morogoro, sasa amefika Dar, kesho saa sita anaripoti. Ilinituliza, nakiri, hata mle ndani ya kilio cha watu.

Jumatano saa nane jeneza likatoka. Wazee walikuwa wamenieleza la kufanya, wakinionea huruma, maana waliona wazi mwalimu huyu hana utani mwilini. Mtani analizuia jeneza njiani. Anamtukana marehemu, anadai chake, watu wanacheka katikati ya kulia, kisha familia inampa kitu kidogo, kuku au khanga, naye anawapisha. Nikatangulia kwenye njia ya makaburini, nikakaa chini katikati ya vumbi na sketi yangu ya shuleni, nikakunja mikono. Wabebaji wakasimama mbele yangu. Watu wakanizunguka wakisubiri. Sikuwa na neno hata moja.

Ndipo nikasikia lori linashusha gia nyuma ya umati. Lilikuwa lori la vitunguu, limejaa mpaka juu, na juu ya magunia mtu anashuka akiwa na begi na raketi mbili zimefungwa kamba. Watu wakapisha. Crispin akaja mpaka pale nilipokaa, ananuka vitunguu, macho mekundu.

Nilitazama saa yangu. Saa nane na robo. Dar walishamfuta tangu saa sita.

"Basi lilisimama kule mbele, Ruaha Mbuyuni, watu wapate kula," alisema taratibu, mimi tu nisikie. "Nikanunua chakula. Dada, hakikupita. Nikashuka. Nimelala pale, asubuhi nimeomba lori."

Baadaye, orodha ya mwisho ilipotoka, mtu wa nne aliyepelekwa Lusaka alikuwa na wastani wa ishirini na mbili. Kama ningemwachia aende Iringa mwezi wa nane akacheze na rafiki yake, akachukua kile kikombe cha pointi kumi na mbili, angekuwa na mashindano matano na wastani wa ishirini na tatu. Nimeipiga hesabu hiyo mara moja tu na sikuirudia. Lakini pale njiani nilikuwa sijui hilo bado. Nilichojua ni kwamba mwaka umekwisha, bega limekwisha, na fulana ile hataivaa milele. Nilitaka kumpiga makofi mbele ya watu wote. Yeye hakunijali, alinipita, akaenda akashika pembe ya jeneza pamoja na wabebaji, akainamisha kichwa.

Basi hasira yangu ikakosa mtu, ikaenda kwa yule aliyelala.

"Liberatus Kalinga!" nilipiga kelele, na sauti ilikuwa ile ya darasani, ya kunyamazisha watoto sitini. "Mwizi wewe! Miaka kumi umeshindwa kumfunga kwa raketi, ukaona umfunge kwa jeneza!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja akapiga makofi, "Eee! Sasa mtani ameamka!"

"Mnacheka nini? Na wewe, ulishindwa kungoja mpaka Jumapili? Ulikuwa na haraka ya kwenda wapi, mla mbwa wewe? Unaumwa tangu Mei, unaniandikia kikohozi kidogo! Kidogo! Kwa nini hukusema? Una mdomo wa kuwatukana Wangoni, mdomo wa kusema naumwa sana njooni hukuwa nao? Mimi ningejuaje? Mimi ni mwalimu wa jiografia, mimi si mganga! Mwaka mzima nimekaa na penseli, mwaka mzima nimemnyima mtoto huyu kila kitu, na wewe kwa siku moja, siku moja tu, umetuibia vyote!"

Walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Wanawake walikuwa wanafuta machozi na sijui yalikuwa ya nini. Walisema baadaye kwamba Mlandege haijapata kuona mtani hodari kama yule. Kila neno nililolitoa pale nilikuwa namaanisha, na kadiri nilivyomaanisha ndivyo walivyozidi kucheka, na hakuna aliyekuwa na kosa, kwa kuwa ndiyo desturi yenyewe. Machozi yalikuwa yananitiririka mpaka shingoni.

Crispin hakucheka. Alikuwa ananitazama kutoka pale kwenye pembe ya jeneza.

Lusia akaja mbele, khanga imefungwa kichwani, na kuku mkononi wa kunilipa. Kama inavyotakiwa, akauliza kwa sauti ili wote wasikie, "Haya, mtani wetu, unataka nini ili umwachie mume wangu apite?"

"Nataka Agosti," nilisema.

Umati ukalipuka tena. Agosti! Jamani, Wangoni hawa! Lakini Lusia alikuwa ameniinamia karibu, na yeye alikuwa ananiona uso. Akamweka kuku chini, akanishika mikono yote miwili.

"Hiyo sina, mtani wangu," alisema.

"Najua huna."

Akanivuta nikainuka. Nikakung'uta vumbi kwenye sketi, nikasogea pembeni ya njia, nikawapisha.